Utafiti wa ulinzi, kuanzia mwiba wa mgunga mpaka jeshi la nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yamekusanywa kidogo kidogo kwa miaka, mengi ni yaleyale yanarudi kila nikitaja kwamba nafuatilia utafiti wa ulinzi, maana watu wengi wakisikia hilo neno wanawaza bunduki moja kwa moja. Nimeanza na yale mepesi, magumu yako chini huko. Pale jibu lilipo sehemu nyingine nimeweka namba ya swali, ukacheki hapo.

## Ya mwanzo

1. Utafiti wa ulinzi ndo nini, ni mambo ya jeshi?

Jeshi ni kipande kimoja tu. Swali lenyewe ni moja: kuna kitu cha thamani, kuna anayekitaka, sasa kinalindwaje na kwa gharama gani? Mtu wa baiolojia analiuliza kuhusu mti, daktari kuhusu damu, mtafiti wa uhalifu kuhusu mlango wa nyumba, mtu wa siasa kuhusu mpaka. Kwa muda mrefu hawa watu kila mmoja alikaa kwenye chumba chake, hawasomani kabisa.

Mmoja wa waliogonga hodi vyumba vyote ni Rafe Sagarin, Mmarekani aliyekuwa anasoma viumbe wa ufukweni, wale wanaokaa kwenye mawe maji yakikupwa na kujaa. Mwaka 2002 alikuwa Washington kama mshauri wa sayansi bungeni, mashambulizi ya Septemba 2001 bado mabichi, akawa anaona vizuizi na walinzi wanaongezwa kila kona, lakini vyote viko vilevile kila siku, yaani mwenye nia mbaya akikaa pembeni siku mbili anaangalia tu keshajua pa kupita. Yeye alitoka kwenye mawe ambako kiumbe asiyebadilika analiwa, kwa hiyo akaanza kuwakusanya watu wa baiolojia, wa saikolojia na wa usalama meza moja, na 2008 wakatoa kitabu. Alifariki 2015 lakini mjadala alioufungua unaendelea.

2. Kwa nini mifano mingi inatoka huku kwetu Afrika Mashariki?

Kwa sababu huku wanyama wakubwa wanaokula na wanaoliwa bado wapo pamoja, na malaria nayo ipo. Ukisoma tafiti za ulinzi unakutana na Serengeti, Amboseli, Laikipia, Kilifi, Bagamoyo. Nasikitika sana mtoto wa shule wa Nanyuki au Mugumu anamaliza kidato cha nne hajawahi kusikia kwamba kitu kinachofundishwa vyuo vya dunia nzima kiligunduliwa kilomita chache kutoka kwao.

3. Nikitaka kukumbuka jambo moja tu nikumbuke lipi?

Ulinzi unalipiwa. Mwiba ni sukari ambayo mti ungeitumia kurefuka, na dakika anayotumia swala kuinua kichwa kuangalia simba ni dakika hajala majani, mlinzi wa getini ni mshahara, kifaru cha jeshi ni madawati. Kila unapoona ulinzi uliza nani analipa na anapunguza wapi, utaelewa mengi ya huko chini.

## Miti na wanyama

4. Mti unaajiri walinzi kivipi?

Kuna mgunga mmoja mfupi unaota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye buti mvua ikinyesha, Laikipia umejaa mpaka unachosha macho. Kitaalamu ni Acacia drepanolobium. Kwenye matawi una miiba mirefu meupe, na baadhi ya miiba chini imevimba kama kitunguu kidogo cheusi, ndani kuko wazi. Sisimizi wanatoboa tundu wanaishi humo, upepo ukipita kwenye yale matundu mti unapiga mluzi. Mti unawapa nyumba na maji matamu kwenye majani, wao wakihisi tawi limetikiswa wanatoka kwa mamia kung'ata. Tembo anaweza kula mti wenye miiba bila shida, lakini sisimizi wakimwingia kwenye mkonga ambao ndani ni laini na una neva kibao, hapo anaacha anaondoka.

Sasa kwenye eneo hilohilo, hifadhi ya Ol Pejeta, wameingia sisimizi wageni wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, wanaua wale wenyeji alafu wenyewe mti hawaulindi. Douglas Kamaru, mtafiti Mkenya, na wenzake walichapisha mwaka 2024 wakifuata mnyororo wote: walinzi wamekufa, tembo wanavunja miti, pori linakuwa wazi, simba hana pa kujificha akimvizia pundamilia, hivyo pundamilia wanaponyoka na simba wamegeukia nyati. Mdudu wa milimita chache kabadilisha chakula cha simba! Mimi nilipousoma huo utafiti mara ya kwanza niliurudia usiku uleule.

5. Kama hakuna adui, mti si utapumzika ustawi?

Hivyo ndivyo kila mtu anavyodhani, na ndo maana nalipenda hili swali. Mwaka 1995 palepale Laikipia waliweka uzio wa umeme kwenye baadhi ya viwanja, tembo na twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie kabisa. Baada ya miaka kama 10 Todd Palmer na wenzake wakapima. Ile miti iliyokuwa salama ilipunguza bajeti kweli, vinundu (ile miiba iliyovimba) vichache, maji matamu machache. Walinzi wazuri wakadhoofika, nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine ambao hawapigani sana na wanapenda kukaa kwenye mashimo ya shina yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo mbawakawa hawawasumbui. Mwisho wa siku miti iliyozungushiwa uzio ilikua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa. Ulipunguza ulinzi kwa adui unayemuona, ukafungua mlango kwa usiyemuona.

6. Ni kweli tembo anaogopa nyuki au ni hadithi tu?

Ni kweli na imepimwa. Mwaka 2007 Lucy King alichapisha jaribio walilofanya Samburu, wanajificha kwenye gari wanawapigia tembo waliopumzika chini ya miti rekodi ya nyuki waliochokozwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Baadaye ikaonekana tembo wana ngurumo maalumu ya kuambiana kuna nyuki.

Kutoka hapo ukaja uzio wa mizinga, maarufu zaidi Sagalla kule Taita, jirani na Tsavo Mashariki: nguzo, waya, mzinga kila baada ya mita 10, mingine ya bandia ya mbao tu kupunguza gharama. Tembo akigusa waya mizinga yote inayumba. Tathmini iliyotoka 2017 ilionyesha karibu asilimia 80 ya tembo waliosogelea walizuiwa, na mkulima anauza asali juu yake. Ila ukame ukija nyuki wanahama mizinga inabaki mitupu, na hapo tena ndo tembo wana njaa zaidi. Kwa hiyo ukiletewa kijijini kama dawa ya kila kitu, waulize kwanza maji ya nyuki na maua yatatoka wapi mwezi wa tisa.

7. Swala tomi akimuona adui anarukaruka juu badala ya kukimbia, si ujinga huo?

Anatuma ujumbe: nimekuona, na mimi nina afya, usijichoshe. Serengeti, utafiti wa FitzGibbon na Fanshawe wa 1988 ulionyesha mbwa mwitu wanachagua kuwakimbiza wale wanaoruka kwa kasi ndogo. Ujumbe unaaminika kwa sababu una gharama (swali la 3), swala mgonjwa hawezi kuuigiza. Hili wazo utakutana nalo tena kwenye siasa za nchi, maneno matupu hayamtishi mtu.

8. Tumbili wana lugha ya tahadhari?

Wana milio tofauti kwa hatari tofauti. Amboseli, Seyfarth, Cheney na Marler walirekodi milio wakaipiga kwenye spika iliyofichwa wakati hakuna adui yeyote, matokeo yakatoka 1980: mlio wa chui wanapanda mtini, mlio wa tai wanaangalia juu au wanaingia kichakani, mlio wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili wanachungulia majani. Ona ilivyo na akili, maana ukipanda mti wakati adui ni tai umejipeleka mwenyewe. Tahadhari nzuri inamwambia mtu afanye nini, na hapa naona sisi binadamu bado tuko nyuma, tunatumiwa ujumbe wa "chukueni tahadhari" tu, dhidi ya nini, uende wapi, hakuna.

9. Kuna mnyama anayetumia sumu ya mishale kama wawindaji wa zamani?

Yupo, panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi. Anatafuna gome la msunguti, mti uleule ambao Wakamba na Waata walipika sumu ya mishale kutoka kwake, alafu anapaka mate yake kwenye ukanda wa manyoya ya ubavuni ambayo yana vitundu kama sifongo yananyonya sumu. Mbwa akimng'ata anaugua vibaya, wengine wanakufa. Kingdon na Vollrath na wenzao walilieleza hili 2011. Watu walikuwa wanasema miaka mingi huyo panya ana sumu, ila yeye haitengenezi, anaichuma.

## Mwili

10. Kinga ya mwili inajuaje huyu ni adui?

Historia fupi kwanza, maana inapendeza. Mwaka 1882 Elie Metchnikoff akiwa Messina, Italia, alichoma miiba midogo kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake unapenyeza mwanga, asubuhi akaangalia kwenye hadubini akakuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote. Hapo ndo lilipoanzia wazo kwamba mwilini kuna chembe zinazotembea na kumeza wavamizi, na 1908 akapata Nobel.

Kuhusu kutambua adui, mwili hauna orodha ya wadudu wote wa dunia. Unatengeneza chembe za aina nyingi mno kwa bahati nasibu, alafu kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua zinafanyiwa mtihani, zile zinazoshambulia mwili wenyewe nyingi zinauawa kabla hazijaingia kazini. Zinazopita ndo zinazunguka zikisubiri mgeni. Mtihani ukivuja unapata magonjwa ya kinga kujishambulia, na ikifyatuka kwa vumbi au karanga hiyo ndo aleji. Yaani madhara mengi tunayapata kutoka kwa ulinzi wenyewe.

11. Selimundu inahusiana vipi na ulinzi?

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona jambo la ajabu: watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huko nyanda za juu ni wachache sana. Mwaka 1954 akachapisha kwamba ramani hiyo inafuata malaria. Ukirithi kwa mzazi mmoja unakingwa sana na malaria kali, ukirithi kwa wazazi wote wawili unapata ugonjwa wenyewe. Gharama ya swali la 3 hapa inalipwa na mtoto, na aliyewahi kukesha wodini na mtoto mwenye maumivu ya selimundu anajua hii si hesabu ya karatasini.

Kilifi wamepata nyingine, kundi la damu linaloitwa Dantu. Silvia Kariuki na wenzake walionyesha 2020 kwamba ngozi ya chembe nyekundu za watu hawa imekazwa zaidi, kimelea kinagonga kinashindwa kuingia. Na kinga ya kutengenezwa nayo imefika: chanjo ya RTS,S ilipendekezwa na WHO 2021, ya R21 mwaka 2023 baada ya majaribio nchi nne, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo. Hiyo haifuti chandarua, ngao zinapangwa juu ya ngao.

## Mtu na nyumba yake

12. Vioo vya chupa juu ya ukuta vinasaidia?

Kidogo, na ukuta mrefu ukishapandwa unamficha mwizi asionekane na jirani. Tafiti zinasisitiza vitu viwili zaidi. Kwanza, aliyeibiwa ana hatari kubwa ya kuibiwa tena, na mapema. Pale kwetu mtaani nyumba moja iliibiwa tivii, mwenyewe akanunua nyingine, wiki ya tatu wakarudi kwa dirisha lilelile, bado nondo alikuwa hajachomelea. Mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980 walielekeza nguvu zote kwa walioibiwa tayari, wakabadilisha mlango haraka, wakaondoa mita za umeme za sarafu zilizokuwa zinawavutia wezi, na majirani wachache wa karibu wakaombwa waangalie nyumba hiyo. Wizi ukaporomoka mpaka kama robo ya ulivyokuwa.

Pili taa. New York 2016 waligawa taa kwa kura kwenye makazi ya umma, uhalifu mkubwa wa nje usiku ukapungua kama asilimia 36. Kwa hiyo kama una hela ya kazi moja, chomelea dirisha lililowahi kuvunjwa, ikibaki weka taa inayomulika njia ya wote.

13. Mafunzo ya wanawake kujihami yanafanya kazi au yanawatwika wao mzigo?

Yote mawili yanastahili kusemwa. Charlene Senn na wenzake walifanya jaribio vyuo vikuu vitatu Kanada, wanafunzi 893, masaa 12 ya mafunzo, matokeo yakatoka 2015: ndani ya mwaka mmoja waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 kwa waliofundishwa na 9.8 kwa wasiofundishwa. Kikubwa kwenye mafunzo hayo ni kutambua hatari mapema inapotoka kwa mtu unayemjua, na kujipa ruhusa ya kupiga kelele na kukataa bila aibu, mateke ni sehemu ndogo. Senn mwenyewe anasema wazi kosa ni la mbakaji. Mimi nasema binti afundishwe leo na kijana wa kiume afundishwe leoleo, hakuna cha kusubiriana.

14. Na zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Huo ni uwindaji kamili, anatupa ndoano kwa maelfu akijua kuna mmoja anadaiwa kodi leo na anasubiri namba. Mama yangu mdogo aliponea chupuchupu, alishaandika namba ya siri, kilichomwokoa ni kwamba jina lililotokea lilikuwa la mtu mwingine akaniuliza "mwanangu, huyu ndo mwenye nyumba?" Ile sekunde ya jina kutokea ni kinga iliyobuniwa na mtu kwa makusudi.

Kitaalamu, Stephanie Forrest wa Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 1994 aliiga ule mtihani wa tezi (swali la 10) kwenye kompyuta: tengeneza vitambuzi ovyoovyo, tupa vinavyofanana na shughuli za kawaida, vinavyobaki vikigusa kitu, kitu hicho ni kigeni. Mawazo ya namna hiyo, ya kujua kawaida yako ili kuona isiyo kawaida, yametapakaa kwenye usalama wa mitandao.

## Nchi

15. Ngome imara si ndo usalama wa nchi?

Nenda Fort Jesus, Mombasa. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, ramani ya Mtaliano Cairati, kuta nene zenye pembe za kuondoa kila kona isiyoonekana. Waomani waliizingira Machi 1696 ikaanguka Desemba 1698. Katika miezi hiyo 33 wengi ndani waliuawa na maradhi. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya ngome yenyewe, mabaki yake wanaakiolojia waliyachimbua baharini miaka ya 1970. Msafara mwingine ulifika siku chache baada ya ngome kuanguka, ukakuta bendera nyekundu ya Waomani, ukageuza. Ukisimama juu ya ukuta ule unaona bahari yote, na bado aliyekuwa juu alishindwa na maradhi.

16. Nchi ikinunua silaha jirani anaogopa, kuna namna ya kukwepa?

Huo unaitwa mtanziko wa usalama, John Herz aliuandika 1950 na Robert Jervis akaupanua 1978. Jervis anasema hofu inapungua pale silaha ya kujihami ikiweza kutofautishwa na ya kushambulia. Mwiba wa mgunga haumfuati mbuzi nyumbani kwake, ndo raha yake. Shida vifaa vingi vya kisasa vinafanya kazi zote mbili, kwa hiyo kinachobaki ni kuonyeshana nia mapema.

17. Na mlinzi akimgeukia mwenye nyumba?

Januari 1964 ilitokea, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito wakidai mishahara na maofisa Waafrika, siku chache Uganda na Kenya nako kukawaka. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, jambo lililomuuma. Jeshi lile likavunjwa, JWTZ ikazaliwa 1 Septemba 1964 kwa vijana walioandikishwa upya. Watafiti wa mahusiano ya jeshi na raia bado wanajadili gharama yake, kwa sababu jeshi liliunganishwa karibu sana na chama.

18. Sungusungu ilikuwa kinga au ugonjwa?

Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe umezidi, polisi wako mbali. Yowe likipigwa kila mwanaume anatoka na upinde, kijiji kinapokezana na kijiji, kama milio ya tumbili. Ray Abrahams aliandika juu yake kitaaluma 1987. Wizi ulipungua, watu walilala. Lakini yowe hilohilo baadhi ya sehemu liliwageukia vikongwe walioitwa wachawi. Ukisoma swali la 10 utaona: nguvu ilikuwepo, mtihani wa kuchuja haukuwepo.

## Yenye utata

19. Basi tuseme taifa ni mwili na adui ni mdudu?

Hapana, na hapa sipindi hata kidogo. Kufananisha namna ulinzi unavyofanya kazi ni sawa, kumfananisha mtu na mdudu ni kitu kingine. Rwanda kabla na wakati wa 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, siku baada ya siku, na mende hana kesi, anakanyagwa. Chembe nyeupe haina dhamiri wala mahakama, binadamu anavyo. Ukimsikia mwanasiasa anaongelea wakimbizi au kabila fulani kwa lugha ya wadudu, saratani, kusafisha, ujue kaacha sayansi zamani.

20. Nataka kufanya utafiti kama huu, naanzia wapi?

Tanzania kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni NACOSTI, tume yao ya namna hiyo, na ukigusa wanyamapori Tanzania unapita pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Watu wakiwa ndani ya utafiti wako, hasa waliodhurika, kamati ya maadili kwanza, na iheshimu kweli. Masuala ya ulinzi wa taifa yana vyuo vyake, Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi kwa mfano, ila hicho kinapokea maofisa na viongozi wa juu, wewe anza na sayansi ya siasa au ikolojia chuo chochote.

21. Naweza kuona chochote mwenyewe bila maabara?

Unaweza. Tafuta ule mgunga wa vinundu, upo hata Serengeti, nenda na mtu anayelijua pori. Chukua kijiti kirefu, gonga tawi moja mara mbili, rudi nyuma hatua moja uangalie matundu. Hesabu sekunde mpaka wa kwanza atoke. Alafu gonga mti wa pili, mlinganishe, utakuta mwingine wanamwagika na mwingine hawana habari, hao ni sisimizi wa aina tofauti. Andika namba kwenye daftari. Usiguse kwa mkono, na usivae kandambili.